Mji wako umeanzia msituni? Usikimbilie shoka

Swali ni lile lile hapa Kisangani. Linatoka Makiso, linatoka Mangobo, linavuka mto kutoka Lubunga: "Mkubwa, nimeanza mchezo, mji wangu umezungukwa na msitu mnene pande zote. Wapinzani wanapanuka, mimi nimekwama na wakaaji watatu. Nifyeke vyote, au nianze upya?"

Usianze upya, wala usifyeke vyote. Mji wa msituni huchelewa kuamka, lakini ukiamka hukimbia kuliko miji mingi ya nyikani. Kinachowaangusha wachezaji wengi ni mpangilio wa kazi: wanaboresha kipande kisichofaa, kwa wakati usiofaa, kwa ajili ya mkaaji ambaye hajazaliwa. Makala hii inapanga kazi hiyo hatua kwa hatua.

## Tunazungumzia mchezo gani

Nitaeleza kwa kutumia Unciv, kwa sababu ndio unaochezwa kwenye simu nyingi hapa mjini. Unatolewa bure, ni mwepesi, unafanya kazi bila intaneti ukishawekwa kwenye simu, na una lugha ya Kifaransa kwa wanaopendelea kusoma maelezo katika lugha ya shuleni. Sheria zake zinafuata zile za Civilization V, mchezo uliotoka mwaka 2010 katika mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Anayecheza Civilization V yenyewe kwenye kompyuta anaweza kutumia karibu kila ushauri ulio hapa. Anayecheza Civilization VI ana sehemu yake fupi kuelekea mwisho.

Maneno nitakayotumia ni haya:

- Kipande: umbo moja la pembe sita kwenye ramani.
- Mkaaji: mtu mmoja wa mji, anayefanya kazi kwenye kipande kimoja.
- Mfanyakazi: kikosi kisichopigana, kinachojenga mashamba, machimbo na barabara.
- Msitu mnene: ule wa kijani kibichi wa nchi za joto, kama wetu wa Tshopo.
- Msitu mwepesi: ule wa miti ya kawaida. Usiuchanganye na mnene, kwa maana hesabu zake ni tofauti kabisa.

## Hesabu ya kujua kabla ya kumtuma mfanyakazi

Kila mkaaji anakula vyakula viwili kwa zamu. Ishike hiyo, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapo.

Tazama sasa vipande vinavyouzunguka mji:

- Nyasi zinatoa chakula 2. Mkaaji wake anajilisha, habakizi kitu.
- Nyasi zenye shamba zinatoa 3. Anajilisha na kubakiza 1.
- Tambarare inatoa chakula 1 na uzalishaji 1. Mkaaji wake ana deni la chakula 1.
- Kilima kinatoa uzalishaji 2 na hakitoi chakula. Mkaaji wake ana deni la 2.
- Msitu mwepesi unatoa chakula 1 na uzalishaji 1.
- Msitu mnene unatoa chakula 2 na hakuna uzalishaji.

Soma tena mstari wa mwisho. Mkaaji wa msitu mnene anajilisha mwenyewe. Hauongezei mji chakula, lakini pia hauombi. Yupo, anahesabiwa, na kila mkaaji anayehesabiwa anauletea mji sayansi yake. Kwa hiyo msitu mnene haukuui njaa. Unachokunyima ni uzalishaji, yaani nguvu ya kujenga. Dawa ya tatizo hilo iko kwenye vilima na kwenye msitu mwepesi, na shoka kwenye msitu mnene halitakupa.

Jambo la pili: kipande kisicho na mkaaji hakitoi kitu, hata ukikijengea shamba zuri namna gani. Mji wenye wakaaji watatu unatumia vipande vitatu tu, pamoja na kile ulichokaa juu yake. Kuboresha vipande kumi kwa mji wa watu watatu ni kama kufyeka hekta mbili wakati una mbegu ya robo hekta.

## Zamu za mwanzo, hatua kwa hatua

1. Chagua pa kukaa. Kando ya mto ni pazuri kuliko pengine popote, kwa sababu nitakazoeleza hivi punde. Kama kando ya mto kuna kilima, kaa juu yake: utapata uzalishaji zaidi katikati ya mji na ulinzi bora. Mlowezi akijenga mji juu ya msitu mnene, msitu wa kipande hicho unaondoka wenyewe. Hutumii mfanyakazi hata zamu moja.

2. Tafuta mali za anasa ndani ya vipande vitatu kutoka mjini. Mji hauwezi kutumia ardhi iliyo mbali zaidi ya hapo. Rangi, viungo, hariri, vito, dhahabu: hizi ndizo zinazoleta furaha. Furaha ikishuka chini ya sifuri, miji yote inapunguza mwendo wa kukua, na mashamba yako yote yanakuwa kazi bure.

3. Pata mfanyakazi mmoja mapema. Baada ya mpelelezi wa kwanza au askari wa kwanza inatosha. Usisubiri mji uwe na watu watano.

4. Kazi ya kwanza iwe kwenye kipande ambacho mkaaji tayari anakitumia. Fungua ukurasa wa mji, tazama vipande vyenye alama ya mkaaji, uanzie hapo.

5. Kazi ya pili iwe mali ya anasa, mara tu teknolojia yake ikipatikana. Rangi, viungo na hariri vinahitaji Kalenda. Dhahabu, fedha na vito vinahitaji Uchimbaji Madini. Kama vito viko chini ya msitu mnene, utahitaji pia Ufuaji Shaba ili kuuondoa msitu huo. Hapo shoka lina haki yake.

6. Kazi ya tatu iwe kipande cha mkaaji anayekuja. Mchezo unakuonyesha zamu zilizobaki kabla ya mkaaji mpya kuzaliwa, na pia zamu ambazo kazi ya mfanyakazi itachukua. Linganisha namba hizo mbili. Kazi ikimalizika pale mkaaji anapozaliwa, umepanga vizuri.

7. Mji wa pili ukisimama, mpe mfanyakazi wake. Mfanyakazi mmoja anayekimbia kati ya miji miwili msituni anapoteza nusu ya maisha yake njiani, kwa sababu kila kipande cha msitu kinamla mwendo.

## Msitu mnene: kata wapi, uache wapi

Hapa ndipo maswali yanapojaa, kwa hiyo tuchukue nafasi.

Kwanza ujue kwamba ukikata msitu mwepesi, mji wa karibu unapata uzalishaji wa papo hapo. Ukikata msitu mnene, hupati kitu. Umetumia zamu za mfanyakazi, na mkononi hakuna hata ubao mmoja. Wengi hawalijui hili, wanakata wakingoja zawadi isiyokuja.

Pili, ujue kinachokuja mbele. Ukifikia teknolojia ya Elimu na kujenga chuo kikuu mjini, kila kipande cha msitu mnene chenye mkaaji kinaanza kutoa sayansi 2 kwa zamu, juu ya chakula kilichokuwa kikitoa. Yule mkaaji aliyekuwa anajilisha tu sasa ni mtafiti. Vipande sita vya msitu vyenye wakaaji vinatoa sayansi 12 kwa zamu kabla ya nyongeza za majengo. Aliyefyeka vyote ana mashamba mengi na chuo kikuu kisichokuwa na msitu wa kufanyia kazi.

Wakati wa kusubiri Elimu, usiuache msitu uchi. Teknolojia ikiruhusu, jenga kituo cha biashara juu ya msitu mnene wenyewe. Hakiuondoi. Kinaongeza dhahabu. Hivyo kipande kimoja kinakupa chakula 2, dhahabu, na baadaye sayansi 2. Ni vipande vichache vya ardhi ya kawaida vinavyoweza kushindana nacho.

Sasa, wapi ukate? Kanuni zangu ni hizi:

- Kata penye kilima kilichofunikwa na msitu, kama mji hauna kilima kingine chochote. Mji usio na uzalishaji hautafika kwenye chuo kikuu hicho.
- Kata vipande viwili au vitatu vinavyogusa mto, ujenge mashamba ya kulisha wachimbaji.
- Kata penye mali ya anasa au mali ya kivita kama chuma, pale ambapo haiwezi kuchimbwa bila kuondoa msitu.
- Acha kila kipande kingine, hasa vile vya tambarare vilivyofichwa chini ya msitu mbali na mto.

Na ndizi? Shamba la ndizi linaondoa msitu. Unapata chakula zaidi, lakini kipande hicho hakitakupa sayansi ya chuo kikuu. Ndizi zikiachwa ndani ya msitu bila shamba tayari zinatoa chakula zaidi ya msitu mtupu, yaani mkaaji wake anajilisha na kubakiza. Ushauri wangu: kama mji una njaa sasa na Elimu iko mbali, panda shamba. Kama Elimu iko karibu, ziache ndizi zilivyo.

Sisi wa Tshopo hatuna haja ya kusadikishwa kwamba msitu na elimu vinaenda pamoja. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, na msitu umekuwa maabara ya walimu na wanafunzi wake. Kuteremka mto kuna Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Pale leo unasimama mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, unaopima gesi zinazopita kati ya msitu na anga. Msitu ule haujafyekwa, na sayansi inatoka ndani yake kila siku.

## Mto: ardhi yenye faida mbili

Shamba lolote linaongeza chakula 1. Shamba linalogusa mto au ziwa linaongezewa chakula kingine 1 ukifikia teknolojia ya Utumishi wa Umma. Mashamba ya mbali na maji yanasubiri hadi teknolojia ya Mbolea, ambayo iko mbali sana mbele.

Tuone maana yake kwa mfano mmoja wa karibu. Umeuita mji wako Kisangani. Una kilima kimoja chenye chimbo kinachotoa uzalishaji 3. Mchimbaji wake anahitaji chakula 2, na kilima hakimpi kitu.

- Kabla ya Utumishi wa Umma: shamba la nyasi kando ya mto linatoa 3, linabakiza 1. Unahitaji mashamba mawili kumlisha mchimbaji mmoja. Watu watatu kazini, uzalishaji 3.
- Baada ya Utumishi wa Umma: shamba lile lile linatoa 4, linabakiza 2. Shamba moja linamlisha mchimbaji mmoja. Yule mkulima wa pili sasa yuko huru kwenda msituni, ambako anajilisha mwenyewe na kungoja chuo kikuu.

Hii ndiyo sababu nasema vipande viwili au vitatu vya mto vinatosha kukatwa mwanzoni. Ukikata sita kabla ya teknolojia hiyo, umepata mashamba dhaifu kwa jasho jingi.

Mji wa kando ya mto una faida nyingine: unaweza kujenga kinu cha maji, na karne za baadaye kituo cha umeme wa maji ambacho kinaongeza uzalishaji kwenye vipande vinavyogusa mto vyenye wakaaji. Anayeishi hapa anajua thamani ya jambo hilo, maana umeme wa mji wetu unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Kituo hicho ndani ya mchezo kinadai madini ya alumini, kwa hiyo ukiona alumini kwenye ramani, usimwachie jirani.

## Vilima na msitu mwepesi: hapa ndipo nguvu inapotoka

Mji wa msituni ukiwa na vilima viwili, umeokoka. Fuata mpangilio huu:

1. Chimba kilima kimoja mapema, mara tu mji ukiwa na chakula cha kumlisha mchimbaji.
2. Usichimbe cha pili mpaka shamba la kumlisha mchimbaji wake liwe limekamilika. Mkaaji wa kilima bila shamba nyuma yake anausimamisha mji usikue.
3. Kama hakuna vilima, tafuta msitu mwepesi na usiukate. Ukifikia teknolojia ya Ujenzi, weka kiwanda cha mbao juu yake: chakula 1 na uzalishaji 2, na miti inabaki.
4. Msitu mwepesi ukate kwa sababu moja tu: unapohitaji uzalishaji wa haraka kumalizia jengo muhimu au askari wa dharura.

Vinamasi navyo viondoe, ukishapata Uashi. Kinamasi hakina chuo kikuu kinachokisubiri. Ukikisafisha unapata nyasi nzuri za shamba.

## Barabara: jenga kwa sababu

Kila kipande cha barabara kinakula dhahabu 1 kwa zamu, milele. Ukitandika barabara kumi na mbili za urembo, umejitwisha kodi ya dhahabu 12 kwa zamu bila kupata kitu. Ndiyo maana hazina yako inakauka na huelewi kwa nini.

Jenga barabara kwa sababu mojawapo kati ya hizi:

- Kuunganisha mji wako na mji mkuu. Muungano huo unaleta dhahabu, na kadiri mji unavyokua ndivyo unavyoleta zaidi.
- Kupitisha jeshi haraka kwenye mpaka wenye hatari, hasa ndani ya msitu.

Tena jenga njia moja, fupi iwezekanavyo. Historia yetu ina mfano mzuri. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906, ina urefu wa kilomita 125 na haikujengwa popote pale: ilijengwa pale ambapo maporomoko ya Boyoma yanazuia meli kupita. Kwingine mto ulikuwa njia tosha. Fikiri hivyo hivyo kwenye mchezo: gharamia njia pale tu ambapo bila njia hiyo mambo hayaendi.

Kumbuka pia kwamba barabara inayovuka mto haikusaidii kwenye kivuko mpaka upate Uhandisi, teknolojia inayoleta madaraja. Kabla ya hapo, askari wako watasimama kwenye maji kama kawaida. Wakati wa vita, zihesabu zamu hizo.

## Makosa ninayoyaona kila mara

- Kumwacha mfanyakazi ajiendeshe tangu zamu ya kwanza. Kuna kitufe cha kumfanya achague kazi mwenyewe. Mwanzoni ni hatari: anaweza kukata msitu uliokuwa unautunza. Kitumie baadaye, miji ikiwa mingi na ardhi ya maana ikiwa imeshapangwa.
- Kumtuma mfanyakazi peke yake mbali na mji. Wavamizi wanamteka bila kupigana. Kabla hajaingia msituni, hakikisha askari amesimama naye au amepita mbele yake.
- Kuboresha ardhi na kusahau wakaaji. Mji unaweza kumweka mkaaji kwenye kipande kingine kabisa. Fungua ukurasa wa mji, mhamishe mwenyewe, ukifunge kipande ili asiondoke.
- Kuacha kazi katikati. Kumhamisha mfanyakazi zamu moja kabla ya kumaliza, kwa sababu umeona kitu kizuri pengine, ni kuchelewesha kazi mbili kwa pamoja.
- Kukuza chakula wakati furaha iko chini. Kabla ya shamba lolote jipya, tazama namba ya furaha juu ya skrini. Ikiwa hasi, kazi yako ni mali ya anasa au jengo la burudani.
- Kutokarabati. Adui akipora shamba au chimbo, kipande kinabaki na alama ya uharibifu. Kukarabati kunachukua zamu chache kuliko kujenga upya. Karabati mara moja.
- Kujenga chuo kikuu kisha kuwaacha wakaaji kwenye nyasi. Siku chuo kikuu kinapokamilika, ingia mjini, hamishia msituni kila mkaaji ambaye mji unaweza kumruhusu bila kufa njaa.

## Mashaka yenu, na majibu yangu

"Jirani atanishambulia kabla sijafika kwenye Elimu." Inawezekana. Lakini msitu mnene ni rafiki wa anayejihami: unachelewesha vikosi vya adui, na unawaongezea ulinzi askari wako waliosimama ndani yake. Weka wapiga mishale mjini na askari mmoja msituni kwenye njia ya adui. Ukifyeka kila kitu, umemfungulia mlango.

"Nikiona mwenzangu ana mashamba manane na mimi nina mawili, si nimeshindwa?" Tazama wakaaji wake kwanza. Kama ana wakaaji watano, mashamba yake matatu hayana mtu. Kisha tazama furaha yake. Mara nyingi utakuta ameshagonga ukuta.

"Je, nikae na msitu hata katika miji yangu ya mwisho?" Hapana. Mji unaosimama karne za mwisho hauna muda wa kungoja maktaba, kisha chuo kikuu, kisha faida. Mji huo ukate uwezavyo, au uanze kwa kununua majengo kwa dhahabu. Ushauri wa kutunza msitu ni wa miji ya mwanzo, ile itakayoishi muda mrefu.

"Umeme ukikatika, simu ikizima, napoteza mchezo?" Mchezo unajihifadhi wenyewe zamu kwa zamu. Hata hivyo, hifadhi kwa jina lako mwenyewe kabla ya vita na kabla ya kukata msitu mkubwa. Na kwa sababu mchezo ni wa zamu, unaweza kusimama wakati wowote, ukaipeleka simu kuchajiwa, ukarudi kesho. Hakuna anayekukimbiza. Wewe mwanafunzi, hiyo iwe faida yako: funga mchezo, fungua daftari, mji utakungoja.

## Kama unacheza Civilization VI

Sheria zimebadilika, lakini busara ni ile ile. Mjenzi hachukui zamu nyingi kwa kazi moja: anamaliza mara moja, ila ana kazi chache tu za kufanya kabla ya kutoweka, kwa kawaida tatu. Kwa hiyo kila kosa linakugharimu theluthi ya mjenzi. Panga kabla ya kugusa.

Huko kukata msitu mnene kunakupa chakula na uzalishaji wa papo hapo, tofauti na niliyoeleza juu, na kishawishi ni kikubwa zaidi. Lakini mtaa wa elimu unaongezewa sayansi ukipakana na misitu minene. Na kama umechagua ufalme wa Kongo, unaoongozwa katika mchezo huo na Mvemba a Nzinga tangu mchezo ulipotoka mwaka 2016, mtaa wake maalumu uitwao Mbanza unajengwa juu ya msitu tu. Mchezaji wa Kongo aliyefyeka misitu yake amejinyima silaha yake bora. Acha angalau kipande kimoja cha msitu karibu na kila mji, ukitie alama kwenye ramani, na usikiguse.

## Usichukue sheria za mchezo ukazipeleka shambani

Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu baadhi yenu mna mashamba ya wazazi kwenye barabara ya Buta au ya Ituri. Ndani ya mchezo, ukikata msitu mnene unapata nyasi zinazozaa milele. Hapa kwetu sivyo. Udongo wa msitu wa Tshopo unategemea majani yanayooza juu yake. Ukifyeka na kuchoma, majivu yanalisha mihogo na mpunga kwa misimu michache, kisha mavuno yanashuka na shamba linahitaji kupumzika. Mchezo haukuhesabii gharama hiyo. Kwa shamba la kweli, waulize wazee wanaojua kulaza shamba, na waulize watu wa kilimo wa Yangambi.

## Orodha ya kubandika ukutani

Kabla hujamaliza zamu yako, jiulize:

1. Je, mfanyakazi wangu yuko kwenye kipande chenye mkaaji, au ambacho mkaaji wake yuko karibu kuzaliwa?
2. Je, furaha iko juu ya sifuri?
3. Je, kila mchimbaji ana shamba linalomlisha?
4. Je, msitu ninaotaka kuukata umo katika zile sababu tatu: kilima cha pekee, shamba la mto, au mali?
5. Je, kila kipande cha barabara kinalipa gharama yake?
6. Je, Utumishi wa Umma na Elimu ziko kwenye foleni ya utafiti?

Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, rekebisha hilo kwanza, ndipo ubonyeze zamu inayofuata. Anza mchezo mpya leo jioni, kaa kando ya mto katikati ya msitu mnene kwa makusudi, na uucheze mpaka chuo kikuu cha kwanza kikamilike. Ukishaona sayansi inavyopanda zamu ile, hutaniuliza tena kama uanze upya.